Zawadi za bure mtandaoni: mtoaji anapata nini?

Dada, umeniandikia kwamba kipato cha nyumbani kimebana, na kwa muda sasa umejiwekea utaratibu wa kutafuta vya bure mtandaoni: sampuli, kuponi, huduma za kujaribu bila malipo, mashindano ya zawadi. Vingine vimekusaidia kweli. Lakini wiki iliyopita ndugu yako alikutumia linki ya kampuni kubwa inayodaiwa kugawa simu kwa kuadhimisha miaka tangu ianzishwe. Ukajaza jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, ukaisambaza kwa watu ishirini kama ulivyoelekezwa, na ulipofika mahali pa kulipa "ada ndogo ya usafirishaji" ukasita, ukafunga. Unauliza mambo mawili: je, nimeshaibiwa? Na je, niache kabisa kutafuta vya bure?

Usiache. Vya bure vya kweli vipo, na mtu anayebana matumizi ya nyumba yake hana sababu ya kuviachilia kwa ajili ya matapeli. Ila tumalize kwanza la linki, maana hilo lina haraka yake.

Pale uliposita ndipo ulipojiokoa. Kama hukuandika namba za kadi, hukutaja namba yoyote ya siri na hukupakua kitu, hujawapa njia ya kuchota pesa zilizo kwenye akaunti zako. Walichopata ni taarifa zako, na taarifa zina soko. Tarajia simu na ujumbe katika wiki zijazo. Mpigaji atakutaja kwa jina lako kamili, pengine atakusomea na tarehe uliyozaliwa, halafu atasema anatoka benki au kampuni ya simu na akaunti yako ina tatizo. Utashawishika kumwamini kwa sababu anakujua, kumbe anakujua kwa sababu ya ile fomu. Kata simu. Ukitaka uhakika, piga wewe mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako au iliyo kwenye tovuti rasmi uliyoifungua kwa mkono wako. Kama kuna mahali umeitumia tarehe ya kuzaliwa kuwa namba ya siri, au hata sehemu yake tu, badilisha leo. Ingia pia kwenye mipangilio ya kivinjari chako, upande wa arifa, uangalie kama kuna tovuti usiyoijua iliyoruhusiwa kukutumia arifa. Kurasa za aina hii hupenda kukwambia "bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti", na ukibofya, matangazo yao yanaendelea kukufuata hata baada ya kufunga ukurasa.

Kisha waandikie wale ishirini. Maneno machache yanatosha: "Ile linki ya zawadi niliyowatumia ni ya kitapeli. Msijaze kitu, na aliyekwisha kujaza asifuate maelekezo ya mtu yeyote atakayempigia." Najua ni vigumu kuandika hivyo, hasa kwenye kundi la ukoo lenye wakubwa wako. Lakini waliifungua kwa sababu ilitoka kwako, na onyo watalisikiliza kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nataka uone ukurasa ule ulivyotengenezwa, kwa sababu mtu akiuona kwa ndani mara moja, kurasa nyingine za ukoo huo anazitambua kwa mbali. Kazi yangu ni usalama wa mitandao na kurasa hizi nazifungua mara kwa mara. Zimeandikwa karibu kwa kalamu moja. Saa inayohesabu kurudi nyuma haihesabu kitu: funga ukurasa, ufungue tena, utaikuta imeanza upya. "Zimebaki simu 7" ni namba iliyopangwa kupungua kila baada ya sekunde kadhaa, awepo mtu au asiwepo. Yale maswali manne uliyojibu, kama vile unaifahamu kampuni hii au unaionaje huduma yake, mara nyingi majibu yake hayapelekwi popote. Yamewekwa ili ujisikie umefanya kazi na sasa unastahili ujira. Masanduku ya kubahatisha nayo yamepangwa: la kwanza utakalobofya halina kitu, la pili au la tatu lina simu, na kila anayefungua ukurasa ule anashinda vilevile. Maoni ya washindi yaliyo chini, "mimi nimepokea yangu jana, asanteni sana", ni maandishi yaliyobandikwa. Jaribu kumjibu mmojawapo uone. Hakuna pa kujibu, au ukibofya hakitokei kitu.

Hata ule mstari wa kijani unaojaa kadiri unavyosambaza, mara nyingi unahesabu mbofyo wako tu. Haujui kama umemtumia mtu au hukumtumia. Ila wao wanafahamu kwamba wengi watatuma kweli, na hapo ndipo mtaji wao ulipo, kwa sababu linki kutoka kwa shangazi haichunguzwi kama linki kutoka kwa mgeni. WhatsApp wenyewe waliliona hilo: ujumbe uliopita mikono mingi huwekewa alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kupelekwa kwenye kundi au mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Ukiona mishale miwili, jua kwamba huyo ndugu aliyekutumia si mwenye habari. Naye ametumiwa, na aliyemtumia ametumiwa, na huwezi kumpata wa kwanza ukamuuliza.

Ukimaliza kusambaza, ukurasa unakupeleka mahali pengine, na mahali hapo hubadilika kulingana na simu unayotumia na nchi uliyopo. Mmoja ataambiwa apakue programu fulani, na mwenye linki atalipwa kamisheni kwa kila atakayepakua. Mwingine ataandika namba yake ya simu na kujikuta ameunganishwa na huduma ya ujumbe inayokata salio kila siku. Wa tatu, kama wewe, ataletewa ada ya usafirishaji na fomu ya kadi. Ada ni ndogo kwa makusudi. Hawaihitaji hiyo pesa. Wanachohitaji ni namba za kadi, na ukishaziandika wanaweza kukata kiasi kingine baadaye, au kila mwezi.

Usijilaumu kwa kufika hapo. Neno bure lina namna yake ya kuvuruga hesabu, na jambo hilo limepimwa. Mwaka 2007 watafiti Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha majaribio ambamo watu waliuziwa chokoleti za aina mbili, moja nzuri sana na nyingine ya kawaida, zote kwa bei nafuu. Bei zilipokuwa senti 15 na senti 1, walionunua wengi wao walichagua ile nzuri. Bei zote mbili zikapunguzwa kwa senti moja tu, ya kawaida ikawa bure, na wengi wakaikimbilia hiyo. Tofauti ya bei baina ya chokoleti hizo haikubadilika hata kidogo. Mtu akisikia bure anaacha kulinganisha, kwa kuwa anajiona hana cha kupoteza. Tapeli anakusubiri katika dakika hizo chache ambazo umeacha kulinganisha.

Ndiyo maana mimi sioni uzito mkubwa katika somo la kukariri dalili za utapeli. Dalili zinabadilika. Watu walizoea kuambiwa watazame makosa ya tahajia, na siku hizi mashine zinaandika kwa ufasaha katika lugha karibu zote. Tena makosa hayakuwa uzembe siku zote. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alionyesha kwa hesabu kwamba barua za kitapeli zenye hadithi isiyoaminika zina faida kwa mtumaji: mwenye mashaka anajiondoa mapema, anabaki yule ambaye ataamini mpaka mwisho, na tapeli hapotezi muda kwa asiyelipa. Ukiona barua ya ovyo ukasema wajinga hawa, fahamu kwamba haikuandikwa kwa ajili yako.

Ninachokuomba ujizoeze ni swali moja: anayenipa hiki anapata nini? Jibu liwe sentensi moja, na liwe na akili. Mtengenezaji wa sabuni anatoa pakiti ndogo ili ukiipenda ununue kubwa. Jirani anagawa kitanda cha mtoto kwa sababu mtoto amekua na kitanda kinamjazia chumba. Wikipedia inasomwa bure kwa sababu inaendeshwa kwa michango na waandishi wake wanajitolea. LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga mahesabu, ni bure kwa kuwa jamii ya wasanidi inaitengeneza chini ya taasisi isiyotafuta faida. Kama nyumbani mnalipia programu za ofisi kwa ajili ya kazi za shule tu, hapo pana pesa ya kuokoa mwezi huu huu. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, inatoa vitabu bure kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha. Katika yote hayo mtoaji anajulikana, na sababu yake inaeleweka.

Sasa iulize ile ya simu. Kampuni inampa simu kila anayejibu maswali manne. Inapata nini? Utasema labda matangazo. Basi kwa nini tangazo hilo halipo kwenye tovuti yake yenyewe wala kwenye kurasa zake rasmi? Shindano halali huandika masharti: nani anaruhusiwa kushiriki, lini linafungwa, washindi wanapatikanaje, nani anawajibika. Na halimpi zawadi kila anayeingia. Ukikosa jibu la sentensi moja, jibu ni kwamba anachokipata kinatoka kwako, na bado hajakwambia ni kipi.

Swali hilo linakwenda pamoja na tabia ya pili: usipite kwenye mlango uliofunguliwa na aliyekutumia. Ukipata habari ya ofa, funga ujumbe, fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya kampuni, utafute ofa hiyo humo. Ikiwepo, chukua. Isipokuwepo, imekwisha. Inachukua dakika mbili na inazuia sehemu kubwa sana ya utapeli huu, hata ule ambao mimi bado sijauona.

Ukilazimika kuitazama linki yenyewe, jifunze kuisoma. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile mikwaju miwili ya mwanzoni, kisha soma kurudi kushoto. Vipande viwili vya mwisho, vinavyotenganishwa kwa nukta, kabla ya mkwaju huo ndivyo vinavyotaja mwenye tovuti, au vitatu kwa anwani zenye miisho kama .co.uk. Kwa hiyo kampuni.com.zawadi-yako.xyz si ya kampuni. Ni ya mtu aliyesajili zawadi-yako.xyz na kubandika jina la kampuni mbele kama pambo. Linki iliyofupishwa haisomeki kabisa, basi ichukulie kama bahasha isiyo na jina la mtumaji. Na hata macho yana mpaka: mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama alisajili anwani iliyoonekana kama apple.com herufi kwa herufi, ilhali ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kisirili, zile za kuandikia Kirusi, zinazofanana na za Kirumi. Kuandika anwani mwenyewe ni salama kuliko kuikagua.

Alama ya kufuli, ile inayoonekana kando ya anwani kwenye baadhi ya vivinjari, nayo isikupe amani kupita kiasi. Inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa ili mtu wa katikati asiyasome. Haisemi aliye upande wa pili ni mwaminifu. Cheti cha kufuli hupatikana bila malipo, na tapeli anacho. Google waliona watu wengi wanaielewa vibaya, na mwaka 2023 wakaiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome na kuweka nyingine isiyofanana na dhamana.

Kuna mambo ambayo zawadi halali haikuombi, na hapa sioni haja ya kusitasita. Haikuombi ulipe kwanza ili upokee ulichoshinda, iitwe ada, kodi, bima au usafirishaji. Haikuombi upakue programu kutoka kwenye linki, nje ya duka rasmi la programu la simu yako. Programu za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, au ile ya huduma za ufikivu iliyotengenezwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, na mwenye ruhusa hiyo anaweza kuona kilicho kwenye skrini na kubofya kwa niaba yako, ndani ya programu ya benki pia.

Na haikuombi namba ya uthibitisho. Hili naomba uwaeleze na watoto na wazee wa nyumbani, kwa sababu limewaliza wengi. Tapeli anaingiza namba yako ya simu kwenye WhatsApp katika simu yake, au anajaribu kuingia kwenye barua pepe yako. Mfumo unakutumia wewe tarakimu sita. Papo hapo anakupigia au kukuandikia, mara nyingi kwa akaunti ya rafiki yako ambaye ameshaibiwa: "Nimekutumia namba ya zawadi kwa makosa, nisomee." Ukimsomea, umempa ufunguo. Kesho yake yeye ndiye wewe, na anawaomba pesa ndugu zako kwa jina lako. Tarakimu zile hazisomwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Ingia pia kwenye mipangilio ya WhatsApp na ya barua pepe, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani kinga inayodai hatua ya ziada kabla mtu hajaingia.

Sasa nirudi kwenye akiba, kwa sababu kuna hasara inayotokana na vitu halali kabisa. Jaribio la bure linaloomba kadi ndilo ninalolihofia zaidi kwa mtu anayebana matumizi. Hakuna uongo wowote: masharti yameandikwa, siku 7 au 30 ni za bure, baada ya hapo unakatwa. Mpango mzima unategemea usahaulifu wako. Kama huduma unaitaka kweli, soma kabla ya kujiunga namna ya kujitoa. Kama hujaiona ndani ya dakika chache, usiandike kadi. Ukishajiunga, jitoe siku hiyo hiyo. Huduma nyingi hukuachia utumie mpaka muda wa jaribio uishe hata kama umeshajitoa, na masharti yatakwambia kama hiyo nayo ni miongoni mwao. Kufuta programu kwenye simu hakufuti malipo; watu wengi hawalijui hili, wanaendelea kukatwa kwa kitu ambacho hawana tena. Fungua sehemu ya usajili kwenye duka la programu la simu yako leo jioni, usome orodha yote. Halafu pitia taarifa ya benki ya miezi mitatu, mstari kwa mstari, ukitafuta viwango vidogo vinavyojirudia. Nathubutu kusema kwamba kwa nyumba nyingi kazi hiyo ya jioni moja itaokoa zaidi ya sampuli za mwaka mzima.

Kuponi nazo zina ujanja wake. Punguzo la kitu ambacho hukuwa na mpango wa kukinunua ni matumizi mapya, hata likiwa la nusu bei. Andika orodha ya mahitaji kwanza, kisha utafute kuponi za vilivyomo. Kufanya kinyume ndiko wanakokutaka wenye maduka. Tena hesabu muda wako na bando lako: dodoso la kujaza kwa nusu saa linalolipa pointi ambazo hazifikii kiwango cha kutolewa si kipato. Na kazi ya kubofya "penda" kwenye video, inayokulipa kidogo siku za mwanzo kisha kukutaka uweke pesa ili kufungua kazi kubwa, ni utapeli mtupu. Hayo malipo ya mwanzo ni chambo.

Kwa vile halali utakavyoendelea kuvichukua, fungua barua pepe ya pili isiyohusiana na benki wala shule ya watoto, uitumie huko tu, na nywila yake isifanane na nyingine yoyote. Namba ya simu iandike pale tu inapohitajika kweli. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho usitoe kwa ajili ya sampuli. Programu ikiomba kusoma orodha ya majina kwenye simu yako, kataa, maana hapo unatoa taarifa za watu ambao hawakuulizwa. Jaribio la maswali ya kupima tabia lililowekwa Facebook, ambalo data yake ilifika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, lilijibiwa na watu wachache ukilinganisha na walioguswa: Facebook walisema mwaka 2018 kwamba hadi watu milioni 87 huenda walihusika, wengi wao wakiwa tu marafiki wa waliojibu.

Mwisho, kama siku moja mtu wa nyumbani kwako atalizwa kweli, saa za mwanzo ndizo zenye maana. Apige benki au mtoa huduma wa pesa mara moja, aombe kadi ifungwe na muamala upingwe, abadilishe nywila akianza na ya barua pepe, ahifadhi picha za skrini na namba zote, kisha atoe taarifa polisi. Asigombezwe kabla hajamaliza hayo, kwa sababu anayeogopa kugombezwa hukaa kimya mpaka pesa imeshahama. Na siku chache baadaye ajiandae kwa mgeni mwingine: mtu atakayejiita wakili, mpelelezi au mtaalamu wa kompyuta, mwenye kufahamu kiasi kilichoibwa, akiahidi kukirudisha kwa malipo ya utangulizi. Majina ya waliokwisha kuibiwa huuzwa. Huyo naye asilipwe, na namba yake iongezwe kwenye taarifa iliyopelekwa polisi.